Mistari 612 imebadilika, hakuna kilichobadilika

Tangu programu za akili mnemba zianze kuandika msimbo kwa wingi, kuna hoja ambayo wanaprogramu wanapokezana kana kwamba imeshathibitishwa: kwamba ule ubishi wa zamani wa namna ya kupanga mistari ya msimbo umejifia wenyewe. Mashine ndiyo inayoandika, mashine ndiyo inayosoma, na penye vurugu ipo programu nyingine ya kunyoosha kila kitu kwa amri moja. Kwa nini basi watu wazima waendelee kukaa kikao kujadili kama mstari uingie ndani kwa nafasi mbili, nne au nane? Hoja hii imekosea tangu mwanzo, kwa sababu inachukulia kwamba ujongezaji, yaani ule utaratibu wa kusogeza mstari kulia ili uonekane uko chini ya mstari upi, ulikuwa suala la urembo. Haukuwa. Makubaliano ya ujongezaji katika mradi wa pamoja yanahusu macho ya mtu anayekagua kazi ya mwenzake: ayaelekeze wapi, na asiyachoshe kwa kitu gani. Sasa hivi msimbo unaandikwa upesi kuliko unavyoweza kusomwa, kwa hiyo macho hayo ndiyo yamekuwa haba, na makubaliano yanayoyalinda yamepanda thamani.

Nitoe mfano mmoja wangu, kisha niachane na mambo yangu. Niliwahi kuletewa ombi la kuunganisha mabadiliko lenye maelezo ya mstari mmoja: hesabu ya tarehe imerekebishwa. Nikafungua ukurasa wa ukaguzi, nikakuta mistari 612 myekundu na mistari 612 ya kijani. Faili zima lilikuwa limefutwa na kuandikwa upya, au ndivyo ilivyoonekana. Kumbe kihariri cha mwenzangu kilikuwa kimewekewa kigeuze tabo zote kuwa nafasi kila anapohifadhi faili, naye hakujua. Marekebisho halisi yalikuwa mistari miwili tu. Mmoja niliuona. Wa pili ulipita mbele ya macho yangu katikati ya ule msitu, nikaidhinisha, na baada ya siku kadhaa tarehe za mwisho wa mwezi zikaanza kurudi nyuma siku moja. Hakuna aliyefanya uzembe hapo. Mradi haukuwa na kanuni, basi.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Nafasi ni ile herufi tupu inayotoka ukigonga kitufe kirefu kuliko vyote kwenye kibodi. Katika jedwali la ASCII, linaloipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, ni namba 32. Tabo ni herufi namba 9, urithi wa mashine za taipu, ambako kitufe chake kiliruka hadi kituo kilichotegwa ili safu za majedwali zikae sawa. (Kwa kufuata matamshi tungeiandika "tabu", lakini msomaji angedhani nazungumzia shida, na mara nyingi asingekosea.) Nafasi nne ni nafasi nne kwenye kioo chochote. Tabo haina upana wake. Inasema tu "ruka hadi kituo kinachofuata", na kituo kiko wapi ni juu ya anayesoma. Kwa mazoea ya zamani vituo hukaa kila baada ya herufi 8. Kwenye vihariri vya leo mtu huweka 4, au 2, au hata 3 akiwa na wazimu wake. Faili lenye tabo tupu kila mtu hulisoma kwa upana aupendao. Faili lenye nafasi tupu wote huliona sawasawa. Balaa ni faili lenye vyote viwili: aliyeweka tabo kuwa 4 analiona limenyooka kama rula, aliyeweka 8 analiona kama meno ya msumeno, na kila mmoja anaapa kwamba mwenzake ndiye mwenye matatizo.

Tukiingia kwenye historia, jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba hakuna upande ulioshinda. Wanaotengeneza kiini cha Linux, mfumo endeshi huria, wanatumia tabo, na tabo yao ni herufi 8 kamili. Mwongozo wao wa mtindo unasema bila kumung'unya kwamba anayehitaji zaidi ya ngazi tatu za ujongezaji anapaswa kurekebisha programu yake, si kulalamikia upana wa tabo. Mwongozo huohuo unamshauri msomaji achapishe kanuni za mtindo za GNU, mradi mwingine wa programu huria, kwenye karatasi, asizisome, kisha azichome. Kanuni hizo za GNU zinataka nafasi 2. Lugha ya programu ya Python, katika hati inayoitwa PEP 8 ya mwaka 2001, ilichagua nafasi 4. Lugha nyingine, Go, iliyotangazwa mwaka 2009, ilichagua tabo, na ikaja na programu yake ya kupanga msimbo, gofmt, ambayo haiwaruhusu watumiaji kuchagua mtindo wao. Rob Pike, mmoja wa waasisi wa Go, ana msemo kwamba mtindo wa gofmt si kipenzi cha yeyote, lakini gofmt yenyewe ni kipenzi cha wote.

Lililo tamu zaidi katika historia hii huwa halisemwi. Kwa miaka mingi kiini cha Linux kimekuwa kikijengwa kwa kompaila ya GCC, ambayo imeandikwa kwa mtindo wa GNU. Yaani mradi wa nafasi 2 ndio unaogeuza msimbo wa mradi wa tabo za herufi 8 kuwa programu inayoendesha kompyuta, na miradi yote miwili imedumu miongo kadhaa ikiwa na wachangiaji wengi wasioonana uso kwa uso. Kama upana wa ujongezaji wenyewe ndio ungekuwa siri ya mafanikio, mmoja kati ya hiyo miwili ungekuwa umeshaanguka. Hata watafiti hawakutupa mshindi. Jaribio lililochapishwa mwaka 1983 katika jarida la Communications of the ACM liliona kwamba nafasi 2 hadi 4 ndizo zinazosaidia kuelewa programu. Jaribio hilo liliporudiwa na watafiti wengine mwaka 2019, safari hii wakifuatilia hata mwendo wa macho ya wasomaji, tofauti hiyo haikuonekana.

Kutoka hapo wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye hitimisho kwamba jambo lenyewe ni upuuzi. Wana mtetezi mkubwa. Mwaka 1957 mwanahistoria C. Northcote Parkinson alieleza kamati inayopitisha mradi wa kinu cha nyuklia kwa dakika chache, kwa kuwa hakuna anayekielewa, kisha inapoteza muda mrefu kwenye banda la baiskeli, kwa kuwa kila mjumbe ana maoni kuhusu mabati. Mwaka 1999 Poul-Henning Kamp aliwaandikia watengenezaji wenzake wa FreeBSD, mfumo endeshi mwingine huria, akiwakumbusha kisa hicho, na tangu siku hiyo banda la baiskeli limekuwa jina la kila ubishi wa namna hii. Ninaikubali nusu ya hoja. Kubishana wiki nzima iwe 2 au 4 ni kweli kugombea mabati, na anayefanya hivyo anawaibia wenzake muda. Ila hoja hiyo inahusu kuchagua, na watu wanaitumia kukataa hata kukubaliana. Magari yapite kushoto au kulia ni jambo ambalo lingeweza kuamuliwa kwa kurusha sarafu. Hakuna anayesema kwa sababu hiyo kila dereva apite anapotaka.

Tena, banda la baiskeli halina njia ya kumdanganya anayelitazama. Ujongezaji unayo. Februari 2014 Apple ilitoa iOS 7.0.6, toleo la mfumo wa simu zake, kwa haraka, ili kuziba kosa lililokuwa kwenye msimbo unaohakiki kama tovuti unayozungumza nayo kwa siri ndiyo yenyewe. Kosa lilikuwa hivi:

    if ((err = SSLHashSHA1.update(&hashCtx, &signedParams)) != 0)
        goto fail;
        goto fail;

Itazame taratibu. Macho yanasema mistari miwili ya mwisho yote iko chini ya sharti la juu, kwa sababu yote imeingia ndani sawasawa. Kompaila ya C haitazami ujongezaji. Kwa kuwa hakuna mabano ya kuifunga ile mistari pamoja, inachukua mstari wa kwanza tu kuwa chini ya sharti. Wa pili unatekelezwa daima, sharti litimie lisitimie. Programu inaruka hadi mwisho kabla ya kuhakiki sahihi ya kidijitali ya tovuti, na kwa kuwa hadi hapo hapakuwa na kosa lililorekodiwa, inatoa jibu kwamba kila kitu ni salama. Aliyekaa katikati ya mawasiliano angeweza kujifanya tovuti nyingine na simu ikamwamini.

Mfano huu husimuliwa kama hoja ya kuwa na nidhamu ya ujongezaji, lakini wanaousimulia mara nyingi hawautazami vizuri. Mistari ile ilikuwa na nidhamu. Ilinyooka, nafasi zake zilikuwa sawa, na mkaguzi aliyekuwa akidai unadhifu asingekuwa na la kusema. Tatizo ni kwamba ujongezaji ule uliandikwa kwa mkono, na unaoandikwa kwa mkono ni madai tu: mwandishi anadai kwamba mstari huu uko chini ya ule. Programu ya kupanga msimbo haiandiki madai. Inasoma muundo halisi kama kompaila inavyousoma, kisha inapanga mistari kufuatana na ilichokiona. Ingepitishwa kwenye mistari ile mitatu, `goto fail;` ya pili ingesogea kushoto hadi usawa wa `if`, na hapo hata mkaguzi mwenye usingizi angeuliza hii inafanya nini huku nje. Hii ndiyo tofauti ninayotaka izingatiwe kuliko zote katika makala haya. Kanuni iliyoandikwa kwenye hati na kusimamiwa kwa kuonyana inatupa msimbo unaopendeza. Kanuni inayosimamiwa na mashine inatupa ujongezaji ambao mkaguzi anaweza kuutumia kama ushahidi. Watengenezaji wa GCC walilijua hilo. Toleo la 6, la mwaka 2016, lilikuja na onyo maalumu la ujongezaji unaopotosha, `-Wmisleading-indentation`.

Hapo huja jibu ambalo ni dhaifu kuliko yote, ingawa husemwa kwa kujiamini sana: nafasi hazina maana kwa mashine, kwa hiyo asiyependa kuona tofauti za nafasi aiambie Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, izifiche. Ni kweli, `git diff -w` huacha kuonyesha mistari iliyotofautiana kwa nafasi tu. Ingeniokoa siku ile ya mistari 612. Sasa chukua kipande hiki cha Python:

    for x in orodha:
        jumla += x
    return jumla

Mtu, au mashine, akausogeza mstari wa mwisho ndani kidogo:

    for x in orodha:
        jumla += x
        return jumla

Toleo la kwanza linajumlisha orodha yote. La pili linajumlisha kitu cha kwanza na kurudi. Mpe mkaguzi anayetumia `-w` mabadiliko hayo, naye ataonyeshwa ukurasa mtupu: hakuna kilichobadilika. Katika Python nafasi ni sehemu ya lugha, na tangu Python 3 faili linalochanganya tabo na nafasi kwa namna yenye utata hukataliwa kabisa. YAML, ambayo imejaa kwenye mafaili ya mipangilio ya kila mradi, hairuhusu tabo katika ujongezaji. Make, programu ya kujenga miradi inayosoma maagizo kwenye faili liitwalo Makefile, kinyume chake, kwa kawaida huidai: Stuart Feldman alipoiandika mwaka 1976 alitaka mistari ya amri ianze kwa tabo, na alipoona kwamba ni uamuzi wenye kasoro tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili, wengi wao rafiki zake, akaona haya kuwaharibia. Kwa heshima ya watu hao kumi na wawili, mamilioni bado tunahesabu tabo. Kwa hiyo hata mwenye kusema "sisi ni watu wa nafasi tu" akiwa na Makefile mradini tayari ameshavunja kanuni yake, na mwenye kusema "tabo tupu" akiwa na faili la YAML naye vilevile. Ndiyo maana faili la `.editorconfig`, ambalo vihariri hulisoma, huandika kanuni kwa kila aina ya faili, si moja kwa mradi mzima.

Kuna hoja nyingine ya mzaha iliyojipenyeza kwenye mijadala ya maana: uchunguzi wa mwaka 2017 wa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya wanaprogramu, uliwaona wanaotumia nafasi wakilipwa zaidi ya wanaotumia tabo. Nadhani hata walioutoa hawakutarajia mtu aende kubadilisha mpangilio wa kihariri chake kisha aombe nyongeza ya mshahara.

Hoja nzito ya upande wa pili ipo, na nitakiri kwamba ilinichukua miaka kuisikia, kwa sababu mimi ni mtu wa nafasi kwa mazoea. Ni hoja ya wasioona na wenye uoni hafifu. Mtu anayekuza herufi hadi mstari mmoja unakuwa na herufi 40 tu kwenye kioo hawezi kumudu ngazi nne za nafasi 4, kwa kuwa herufi 16 zimeshaliwa na utupu kabla hajasoma neno hata moja. Msomaji wa nukta nundu anayetumia kifaa cha visanduku 40 yuko palepale: kila nafasi inachukua kisanduku chake, na vidole vinapita kwenye visanduku 16 vitupu kwa kila mstari. Tabo, kwa kuwa haina upana wake, inaweza kuwekwa iwe kisanduku kimoja. Kwa mtu huyo ni suala la kuweza kufanya kazi au kutoweza, na anayelijibu kwa kusema "nafasi zinapendeza zaidi" hajamsikia. Kwa lugha zenye desturi iliyoshikamana, kama Python, ningefuata desturi, maana gharama ya kwenda kinyume na dunia nzima ya lugha hiyo ni kubwa na faida yake ni ya mradi mmoja. Kwa mradi mpya katika lugha isiyo na desturi moja, sina tena sababu nzuri ya kukataa tabo. Nasema hivyo vidole vyangu vikiwa vimeshazoea kinyume.

Wengine huichukua hoja hiyohiyo na kuifikisha mbali zaidi: kama kila msomaji ana mahitaji yake, kwa nini tukubaliane? Kila mtu aandike atakavyo, kihariri chake kimpangie faili anapolifungua na kulirudisha katika hali ya pamoja anapolihifadhi. Hii ni fikra nzuri, na Git ina vichujio vinavyoweza kufanya jambo la namna hiyo. Lakini angalia maneno "hali ya pamoja". Lazima kuwe na sura moja ambayo faili linahifadhiwa, na sura hiyo lazima watu waikubali. Kwa hiyo makubaliano hayajaondoka, yamehamia ghalani. Na bado kioo cha ukaguzi kwenye tovuti, namba ya mstari kwenye ripoti ya hitilafu, na kipande kilichonakiliwa kwenye ujumbe vyote vitaonyesha sura ile ya ghalani. Watu wawili wanaosaidiana kutafuta kosa kwenye mstari wa 240 wanahitaji wote wawili wawe na mstari wa 240 uleule.

Turudi basi kwenye akili mnemba. Nimesema programu za kupanga msimbo zinatupa ushahidi, na zipo tele: gofmt kwa Go, Prettier tangu 2017 kwa JavaScript na jamaa zake, Black tangu 2018 kwa Python, rustfmt kwa Rust. Mtu atauliza, kama zipo, makubaliano ya nini tena? Jibu ni kwamba programu hizo zinaondoa kazi ya kupanga, haziondoi kazi ya kuamua. Nani anaiendesha: kila mtu kwenye mashine yake, au seva inayopima kila ombi kabla halijaunganishwa? Toleo lipi? Hili la toleo linaonekana dogo hadi watu wawili wenye matoleo tofauti waanze kurudishiana mistari ileile, mmoja akiipanga hivi asubuhi na mwingine akiipanga vile jioni. Black wana sera ya kutobadilisha mtindo wao thabiti ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, na hata hivyo mradi unaojiheshimu huandika namba ya toleo na kulifunga hapo. Hayo yote ni makubaliano ya watu. Mashine haiwezi kuyafanya kwa niaba yao.

Na mashine inayoandika msimbo huzidisha haja hiyo kwa njia mbili ambazo wanaoimba kifo cha ujongezaji hawazitaji. Ya kwanza, programu hizi huiga kinachozizunguka. Ukizipa faili la nafasi 4 zinaandika nafasi 4; ukizipa faili lililochanganyikana zinachanganya, tena kwa kasi. Nyingi kati ya zana hizo hubadilisha faili kwa kutafuta kipande cha maandishi kinacholingana herufi kwa herufi na kukibadilisha; penye tabo iliyodhaniwa kuwa nafasi, kipande hakipatikani, zana inajaribu tena, na mara nyingine inaamua kuandika faili zima upya. Tumerudi kwenye mistari 612. Ya pili ni ya kibinadamu. Zamani aliyeleta mistari 300 alikuwa ameiandika kwa siku mbili, na ungeweza kumuuliza kila mstari upo kwa nini. Leo mistari 300 inakuja kwa dakika mbili, na aliyeileta pengine ameisoma mara moja tu. Mkaguzi ndiye mtu wa kwanza kuisoma kwa makini, na pengine wa mwisho. Kila mstari unaoonekana umebadilika ilhali haujabadilika unamwibia sehemu ya umakini ambao hauongezeki kwa kununua seva kubwa zaidi.

Kuna faida nyingine ya kuiachia mashine usimamizi, ndogo kwenye karatasi lakini kubwa kwa anayehusika. Mchangiaji mpya wa mradi huria anapoleta kazi yake ya kwanza, mara nyingi anapokea maoni kumi na kitu: ongeza nafasi hapa, punguza pale, mabano yashuke. Hakuna hata moja linalogusa wazo lake. Anaondoka akidhani ameonekana mjinga, na aliyemkagua anabaki akidhani amefanya kazi. Seva ikimwambia mambo hayohayo hakuna uso unaokunjwa. Anaendesha amri moja, anatuma tena, na mazungumzo ya watu wawili yanaanzia kwenye msimbo wenyewe.

Pingamizi la mwisho ni la wenye miradi mikongwe, nami silichukulii kwa wepesi. Ukipanga upya mafaili yote siku moja, kila mstari uliosogea utaonekana umeandikwa siku hiyo. Amri ya `git blame`, inayoonyesha nani aliandika mstari gani na lini, itamtaja mtu mmoja kila mahali, na maelezo ya miaka kumi ya kwa nini mstari fulani uko hivyo yatakuwa yamefunikwa. Juu ya hayo, kila tawi, yaani nakala ya kazi inayoendelea pembeni, ambalo halijaunganishwa litagongana na shina. Kwa muda mrefu hii ilikuwa sababu ya haki ya kuacha mambo yalivyo. Imedhoofika tangu Agosti 2019, Git 2.23 ilipoleta `--ignore-revs-file`: unaandika kitambulisho cha badiliko lile la upangaji kwenye faili, na `git blame` inaliruka na kumtafuta mwandishi wa kweli nyuma yake.

Kinachobaki ni utaratibu, na hapo ndipo watu wanapokosea. Upangaji wa mradi mzima uwe badiliko moja lisilo na kitu kingine ndani yake, hata herufi moja ya marekebisho ya kweli, maana hiyo ndiyo itakayojificha. Matawi yaliyo karibu kukamilika yaunganishwe kwanza. Penye uwezekano, hakikisha programu ya kupanga inalinganisha muundo wa msimbo kabla na baada. Black hufanya hivyo yenyewe, na hukataa kuandika faili ikiona maana imegeuka. Seva ianze kukataa mafaili yasiyopangwa siku hiyohiyo, si wiki ijayo, la sivyo mchanganyiko unarudi kabla kikao hakijaisha. Kisha kitambulisho kiandikwe kwenye `.git-blame-ignore-revs`. Tovuti ya GitHub hulisoma faili hilo bila kuambiwa, lakini Git ya kwenye kompyuta ya mtu haifanyi hivyo hadi aiwekee mpangilio wa `blame.ignoreRevsFile` yeye mwenyewe. Liandikwe hilo kwenye maelezo ya mradi, juu kabisa, kwa sababu wengi watalisahau, na wiki ya pili mmoja wao atakuja kuuliza ilikuwaje aliyeendesha ile amri akawa ameandika mradi mzima peke yake Jumamosi moja mchana.